Mwanga Usio na Waya: Kutoka Rimoti ya Nyumbani hadi Chombo cha Anga za Mbali

Mji wa Tunduma, ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, hufahamika na wengi kwa malori yake, kwa soko lake, na kwa reli ya TAZARA ipitayo hapo kuelekea Kapiri Mposhi. Ni wachache wakumbukao kwamba chini ya ardhi ya mji huo hupita pia mwanga. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano huvuka mpaka kwenda Zambia kupitia Tunduma, na kwenda Malawi kupitia Kasumulu. Ndani ya mkongo huo mna nyuzi za kioo nyembamba mithili ya unywele, na ndani ya nyuzi hizo habari husafiri kwa mimweko ya mwanga. Fedha atumazo mfanyabiashara kwa simu, hati za forodha za shehena ya lori, na somo alipakualo mwanafunzi, aghalabu hupita katika kioo hicho walau sehemu ya safari yake.

Katika makala haya tutashughulikia swali moja. Je, mwanga waweza kuchukua habari bila kioo na bila waya, ukipita wazi hewani au katika utupu wa anga? Na kama waweza, kwa nini basi tusiutumie kila mahali? Jibu la swali la kwanza ni kwamba waweza, na umekwisha kufanya hivyo kwa ufanisi mkubwa, sebuleni mwetu, juu ya Mto Kongo, na katika umbali wa mamilioni ya kilometa kutoka duniani. Jibu la swali la pili lahitaji maelezo, kwa sababu sifa ileile inayoupa mwanga nguvu zake ndiyo inayouwekea sharti gumu. Mwalimu au mwanafunzi atakayelielewa sharti hilo atakuwa na kipimo cha kupimia sifa za chombo chochote kipya kitakachotangazwa kwake.

Mwanga na redio ni ndugu

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba mwanga na mawimbi ya redio ni wa ukoo mmoja. Vyote viwili ni mawimbi ya sumakuumeme, na vyote viwili husafiri katika utupu kwa mwendo mmoja wa kilometa 300,000 hivi kwa sekunde. Tofauti yao ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yaani masafa, pamoja na urefu wa wimbi moja. Wimbi la kituo cha redio cha megahezi 100 lina urefu wa meta 3. Mwanga utumiwao sana katika mawasiliano una urefu wa wimbi wa nanometa 1,550, yaani kiasi cha sehemu moja na nusu kati ya elfu za milimeta, nao hutikisika mara trilioni 193 hivi kwa sekunde. Huu ni mwanga wa infraredi, ulio nje kidogo ya wekundu, ambao jicho la binadamu haliuoni.

Kutokana na tofauti hiyo hupatikana faida tatu. Kwanza, kadiri wimbi linavyotikisika mara nyingi zaidi kwa sekunde, ndivyo linavyoweza kubebeshwa alama nyingi zaidi za moja na sifuri, ziitwazo biti. Pili, masafa ya redio ni machache na watumiaji ni wengi, hata hayana budi kugawanywa kwa leseni. Hapa kwetu kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mwanga hauna msongamano huo, kwani miale miwili yaweza kupishana bila kudhuriana. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mwanga huweza kufanywa mwale mwembamba sana.

Wimbi lolote litokalo kwenye kioo au dishi hutanuka kadiri liendavyo mbele. Upana wa mwale mahali unapofika hukadiriwa kwa kanuni nyepesi: zidisha urefu wa wimbi kwa umbali, kisha gawanya kwa upana wa kioo au dishi lililoutuma. Kwa kuwa wimbi la mwanga ni fupi mno, mwale wake hutanuka kidogo mno. Nishati yote hufika mahali padogo, badala ya kumwagwa pande zote kama maji ya ndoo iliyotoboka. Tutaitumia kanuni hii mara kwa mara.

Wazo la zamani, vifaa vya sasa

Wazo lenyewe si geni. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi yaliyopigana Afrika Mashariki yalipelekeana habari kwa vioo vilivyoakisi jua kutoka kilima hadi kilima. Kabla ya hapo, mwaka 1880, Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walifanya jambo la ajabu zaidi mjini Washington. Walitengeneza kioo chembamba kilichotikisika kwa sauti ya msemaji. Mwanga wa jua ulioakisiwa na kioo hicho uliongezeka na kupungua kufuatana na sauti, na kipokezi cha seleni kiliugeuza tena kuwa sauti umbali wa meta 213. Waliita chombo hicho fotofoni. Bell alikithamini kuliko simu, lakini hakikuenea. Wingu lilipofunika jua, mazungumzo yalikatika.

Wazo hilo lilikosa mambo mawili: chanzo cha mwanga kinachotii amri ya umeme upesi, na njia ya kuulenga mwanga huo kwa usahihi. La kwanza lilipatikana baada ya leza ya kwanza kuwashwa mwaka 1960, na baada ya taa za LED kuwa rahisi. La pili limepatikana kwa vioo vidogo vinavyosogezwa na mitambo chini ya uongozi wa kompyuta.

Rimoti ya televisheni

Kifaa cha mawasiliano ya mwanga kilicho karibu nasi zaidi ni rimoti. Ncha yake ina LED itoayo infraredi ya nanometa 940 hivi. Kitufe kinapobonyezwa, LED hiyo humweka mara zipatazo 38,000 kwa sekunde, na mimweko hiyo hutolewa kwa mafungu, marefu na mafupi. Mpangilio wa mafungu hayo ndio amri: ongeza sauti, badilisha kituo, zima. Televisheni hupuuza mwanga wa jua na wa taa kwa sababu kipokezi chake kimetengenezwa kisikie mimweko ya masafa hayo tu.

Darasa laweza kulishuhudia jambo hili kwa vifaa vichache. Elekeza rimoti kwenye kamera ya simu ya mkononi kisha ubonyeze kitufe; katika simu nyingi utaona nukta ya mwanga ikipepesa, ingawa kwa macho matupu huoni kitu. Jaribio la pili linafundisha zaidi. Chukua paneli ndogo ya jua, kama ile ya taa ndogo ya kusomea, uunganishe nyaya zake mbili na mlango wa kuingizia sauti wa amplifaya. Paneli ikikaa juani kwa utulivu, husikii kitu. Pitisha vidole mbele yake, utasikia mkwaruzo. Iweke chini ya taa ya kizamani ya waya unaowaka kwa umeme wa gridi, utasikia mvumo, kwa kuwa taa hiyo huongeza na kupunguza mwanga mara 100 kwa sekunde. Sasa ielekezee rimoti na ubonyeze: utasikia mtatariko. Sikio haliwezi kusikia mimweko 38,000 kwa sekunde, ila husikia mafungu yake yakianza na kukoma. Hapo mwanafunzi anausikiliza mwanga ukisema. Katika majaribio haya leza isitumiwe, kwani hata leza ndogo huweza kudhuru jicho.

Kabla ya Bluetooth kuenea, simu nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa na kidirisha cha infraredi cha kupelekeana majina na picha. Mwaka 2011 Profesa Harald Haas wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliuonyesha umma jinsi taa ya LED ya kawaida inavyoweza kumulika chumba na papo hapo kupeleka data, kwa kumweka upesi kuliko jicho linavyoweza kutambua. Njia hiyo huitwa Li-Fi, na mwaka 2023 ilipata kiwango cha kimataifa, IEEE 802.11bb. Mwanga haupenyi ukuta. Kwa hiyo mawasiliano ya chumba kimoja hayaingiliani na ya chumba cha pili, wala jirani hawezi kuyanasa. Lakini kwa sababu hiyohiyo, anayetoka chumbani huacha mawasiliano nyuma yake.

Mwale juu ya Mto Kongo

Mfano bora wa Afrika wa mwanga unaopita wazi hewani kwa kazi kubwa uko kati ya Brazzaville na Kinshasa. Miji mikuu hii miwili hutazamana, ikitenganishwa na Mto Kongo, mpana na wenye mkondo mkali. Kuutandaza mkongo wa kioo chini ya mto huo ni kazi ngumu. Kwa hiyo data ilizunguka njia ya zaidi ya kilometa 400 ili kufika upande wa pili, na bei ya intaneti mjini Kinshasa ilipanda kwa sababu hiyo.

Mwaka 2021 mradi wa Taara, uliokuwa wakati huo chini ya kampuni ya Alphabet ya Marekani, ukishirikiana na Liquid Intelligent Technologies, ulitangaza kwamba umeuvuka mto huo kwa mwanga. Kifaa kimoja kiliwekwa juu ya mnara Brazzaville na kingine Kinshasa, umbali wa kilometa 4.8. Kila kimoja kina vioo vinavyojisogeza daima kukitafuta kingine, kwa maana minara huyumba kwa upepo na hupinda kidogo kwa joto. Vifaa hivyo vina uwezo wa hadi gigabiti 20 kwa sekunde. Katika siku 20 vilipitisha karibu terabaiti 700 za data, na njia ilikuwa wazi kwa asilimia 99.9 ya muda huo.

Tuzipime tarakimu hizo. Siku 20 ni dakika 28,800; asilimia 0.1 yake ni dakika 29 hivi za kukatika. Terabaiti 700 kwa siku 20 ni wastani wa gigabiti 3.2 kwa sekunde. Kwa mwale mmoja usioonekana, uliopita juu ya vichwa vya wavuvi bila mtaro kuchimbwa, hayo ni mafanikio ya kweli. Inafaa kukumbuka pia kwamba utaalamu huo ulizaliwa katika mradi wa Loon, uliokusudia kuunganisha maputo ya angani. Loon ilitoa huduma nchini Kenya mwaka 2020 na ikafungwa mwaka 2021. Maputo yalishushwa, lakini ujuzi wa kuulenga mwanga ulibaki.

Sharti la mwanga

Sasa tulitazame sharti lenyewe. Dereva wa lori apandaye Nyanda za Juu Kusini alfajiri yenye ukungu analijua bila kufundishwa na mtu. Anawasha taa kubwa, na badala ya kuiona barabara anauona weupe tu mbele yake. Lakini redio iliyomo ndani ya lori lilelile huendelea kuimba.

Sababu ni ukubwa wa matone. Tone la ukungu lina upana wa maikrometa 10 hivi, ilhali wimbi la mwanga wa mawasiliano lina maikrometa 1.55. Tone ni kubwa kuliko wimbi, kwa hiyo humtawanya mwanga kila upande, na ukungu una matone yasiyohesabika. Wimbi la redio lenye urefu wa sentimeta au meta nyingi hulipita tone hilo kama wimbi la bahari linavyoipita mitumba ya mikoko. Mvua, kinyume cha inavyodhaniwa, mara nyingi huudhuru mwanga kidogo kuliko ukungu mzito, kwa kuwa matone yake ni makubwa lakini yameachana. Ajabu ni kwamba mvua kubwa huyadhuru zaidi mawimbi mafupi ya redio, yale ya zaidi ya gigahezi 10. Ukungu ni adui wa mwanga, na mvua ni adui wa redio hizo. Ndiyo maana wahandisi wengi huweka vyote viwili mnarani, ili kimoja kinaposhindwa kingine kishike zamu.

Kuna kikwazo kingine. Anayetazama mbali juu ya barabara ya lami mchana wa jua kali huona hewa ikitetemeka. Hewa yenye joto na hewa ya baridi huupinda mwanga kwa viwango tofauti, na mwale mwembamba hucheza na kupepesa unapofika. Vilevile kilima, mti uliokua, au ghorofa jipya likisimama katikati, mawasiliano hukoma. Kwa hiyo sharti la mwanga laweza kusemwa kwa maneno machache: mtumaji na mpokeaji hawana budi kuonana.

Anga ambako hakuna ukungu

Ikiwa ukungu ndio adui, basi mahali pa mwanga kung'ara ni nje ya hewa. Mwaka 2001 setilaiti ya Artemis ya Shirika la Anga la Ulaya ilipokea kwa leza picha kutoka setilaiti ya Ufaransa iitwayo SPOT 4. Mwaka 2013 chombo cha Marekani cha LADEE kilituma kutoka mwezini megabiti 622 kwa sekunde. Lakini jaribio lililokwenda mbali kuliko yote linahusu jambo ambalo wanafunzi wa Songwe wanalo karibu na nyumbani.

Katika kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kipo kimondo maarufu cha Mbozi, pande la chuma lenye urefu wa meta 3 hivi. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Vimondo vya namna hii hudhaniwa kuwa ni vipande vya viini vya magimba madogo yaliyovunjika zamani sana. Kati ya Mirihi na Mshtarii huzunguka asteroidi iitwayo Psyche, ambayo wanasayansi wanaamini ina madini mengi ya chuma. Tarehe 13 Oktoba 2023 Marekani ilirusha chombo, nacho kinaitwa Psyche, kwenda kuichunguza. Kimepangiwa kufika mwaka 2029. Hatusemi kwamba kimondo cha Mbozi kilitoka huko. Tunasema kwamba chombo hicho kinakwenda kutafuta majibu ya maswali yaleyale ambayo jiwe la Ndolezi huyazusha.

Chombo hicho kilibeba pia jaribio la mawasiliano ya leza: darubini ya upana wa sentimeta 22 na leza ya wati 4, nguvu ndogo kuliko ya balbu nyingi za LED majumbani. Tarehe 11 Desemba 2023, kikiwa umbali wa kilometa milioni 31 hivi, kilituma filamu fupi ya paka kwa megabiti 267 kwa sekunde. Mwanga ulichukua sekunde zipatazo 100 kufika.

Turudie kanuni yetu. Zidisha nanometa 1,550 kwa kilometa milioni 31, ugawanye kwa sentimeta 22: mwale ulifika duniani ukiwa na upana wa kilometa 220 hivi, kama mara mbili ya mwendo wa barabara kutoka Tunduma hadi Mbeya. Kama tungetumia redio yenye urefu wa wimbi wa sentimeta 3.6, kwa dishi la meta 2, upana ungekuwa kilometa 558,000, zaidi ya mara 40 ya kipenyo cha Dunia. Karibu nishati yote ingepita pembeni na kupotea.

Lakini wembamba huo ni mtihani mkali wa kulenga. Dunia huenda kilometa 30 hivi kwa sekunde kulizunguka Jua. Katika sekunde 100 imekwisha kusogea kilometa 3,000. Chombo kikilenga mahali inapoonekana Dunia, mwale wa kilometa 220 utaikosa darubini ya mapokezi. Hapana budi kilenge mahali itakapokuwa, kama mwindaji alengavyo mbele ya ndege arukaye. Ili kukisaidia, leza yenye nguvu ilimulikwa kutoka mlima Table Mountain, California, iwe kama mnara wa taa. Mapokezi yalifanywa kwa darubini ya Hale ya Palomar, yenye kioo cha meta 5.1, kwa kipokezi kilichopozwa sana ambacho huhesabu chembe za mwanga, yaani fotoni, mojamoja.

Mwalimu wa fizikia atapata hapa mfano safi wa kanuni ya kinyume cha mraba. Aprili 2024, umbali ukiwa kilometa milioni 226, kiwango cha juu kilikuwa megabiti 25 kwa sekunde. Juni 2024, umbali ukiwa milioni 390, kilikuwa megabiti 8.3. Umbali uliongezeka mara 1.73, mraba wake ni 2.98, na 25 ukigawanya kwa 2.98 ni 8.4. Desemba 2024 mawasiliano yalifanyika kutoka kilometa milioni 494, na jaribio likafungwa Septemba 2025. Hata hivyo habari za kisayansi za safari hiyo zimekabidhiwa redio. Leza ilikuwa mgeni wa majaribio, kwani wingu juu ya Palomar latosha kuinyamazisha.

Ndani ya chombo na kati ya vyombo

Mwanga hutumika pia ndani ya chombo chenyewe. Setilaiti hujaa nyaya ziunganishazo kompyuta, vipimio na betri, na nyaya hizo huongeza uzito na kazi ya kuunda. Mwaka 2013 taasisi ya anga ya Hispania, INTA, ilirusha setilaiti ndogo iitwayo OPTOS ambamo vifaa viliwasiliana kwa mwanga uliotapakaa ndani ya sanduku, mithili ya rimoti inavyoakisiwa na kuta za sebule. Ndani ya sanduku hakuna ukungu, wala hakuna apitaye kati.

Kati ya setilaiti, leza sasa ni kazi ya kila siku. Setilaiti nyingi za Starlink hupelekeana data kwa leza. Huduma hiyo ilianza Zambia na Malawi mwaka 2023, yaani ng'ambo ya mipaka miwili ya Songwe. Lakini dishi liwekwalo juu ya paa huwasiliana na setilaiti kwa redio, si kwa leza. Wahandisi walichagua mwanga palipo utupu, na redio palipo mawingu. Hapo sharti letu limetiiwa kikamilifu.

Ina maana gani kwa Songwe?

Mkoa wa Songwe, ulioundwa mwaka 2016 kutoka Mkoa wa Mbeya, una nyanda za juu za Mbozi, milima ya Ileje, na bonde la joto la Ziwa Rukwa. Mkongo wa kioo hupita katika njia kuu, lakini shule iliyo upande wa pili wa bonde yaweza kuona mnara kwa macho na bado isifikiwe na mtaro. Mahali kama hapo mwale wa kilometa chache waweza kufaa. Lakini asubuhi ngapi kwa mwaka mnara huo hauonekani? Tuchukulie, kwa mfano tu, asubuhi 60 za ukungu wa saa mbili. Hizo ni saa 120 kati ya 8,760 za mwaka. Njia ingekuwa wazi asilimia 98.6. Kwa kupakua vitabu hilo latosha. Kwa hospitali yenye mgonjwa mezani halitoshi, na hapana budi redio iwepo pembeni.

Kipimo hicho hakihitaji maabara. Darasa laweza kuchagua kilima au mnara ulio umbali unaojulikana, na kila siku, saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, kuandika daftarini kama unaonekana au hauonekani. Mwanga wa infraredi wa mawasiliano hushindwa na ukungu mzito karibu sawa na mwanga uonekanao, kwa hiyo jicho ni kipimio cha kutosha kwa kuanzia. Baada ya mwaka mmoja shule itakuwa na takwimu za mahali pake yenyewe, na atakayekuja kuiuzia kifaa ataulizwa swali analostahili kuulizwa.

Maswali ya darasani

1. Kifaa chenye kioo cha upana wa sentimeta 5 kinatuma mwanga wa nanometa 1,550 umbali wa kilometa 10. Kadiria upana wa mwale unapofika. Kwa nini mnara unaoyumba ni tatizo?

2. Njia moja ya mwanga iko wazi asilimia 99 ya mwaka, na nyingine asilimia 99.9. Kila moja hukatika saa ngapi kwa mwaka? Ipi yafaa shule, na ipi yafaa benki? Toa sababu.

3. Eleza kwa nini rimoti huweza kuwasha televisheni kwa kuakisiwa ukutani, ilhali leza ya chombo cha Psyche hailengwi hivyo.

4. Taja mahali pamoja wilayani kwenu panapofaa mawasiliano ya mwanga na mahali pamoja pasipofaa, ukizingatia milima, ukungu na umbali.